Saa za kazi: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Lubumbashi

Nimeshika daftari la pwantaji zaidi ya miaka kumi, kwanza kwenye karakana moja ya Kampemba, sasa kwenye depo iliyo njia ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kazi yenyewe ni ndogo: kuandika nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Lakini ugomvi wote wa mwisho wa mwezi hupitia mezani pangu, na karibu wote huanzia kwenye maneno mawili ambayo kila mtu anaamini anayajua: saa za kazi. Maswali haya ni ya wapakiaji, madereva, mama wa maduka na vijana wa ofisini. Nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu pale dirishani.

Panapohusu sheria, ninazungumzia Code du travail ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016.

Saa za kazi ni nini hasa?

Ni muda ambao uko mahali pa kazi na uko chini ya mkono wa mwajiri. Hesabu inaanza saa ile uliyofika kazini ukiwa tayari kutumwa, na inakwisha saa ile kazi inapofungwa kwa mujibu wa kanuni za kampuni. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba mikono lazima iwe inafanya kitu.

Mpakiaji aliyekaa juu ya gunia akingoja lori yuko kazini. Akishasaini kutoka, halafu akarudi kukaa juu ya gunia lile lile kungoja mvua ikatike, hayuko kazini tena. Gunia ni moja na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni nani mwenye haki ya kumwambia "inuka, beba". Mtu akiniuliza kama muda fulani unahesabiwa, swali langu la kwanza huwa hilo: wakati ule, ungeweza kuondoka bila kuomba ruhusa?

Kiwango cha juu ni saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Kinamhusu mwanamke na mwanaume, kijana na mzee, anayelipwa kwa mwezi na anayelipwa kwa kipande.

Saa 9 mara siku 6 ni 54, si 45. Nani kakosea hesabu?

Hakuna aliyekosea. Hizo ni nyua mbili, na unatakiwa ubaki ndani ya zote kwa pamoja. Anayefanya siku tano anaweza kufika 9 kila siku, inakuwa 45. Anayefanya siku sita akigawanya sawasawa atafanya saa 7 na nusu kwa siku. Mtindo ninaoujua zaidi hapa mjini ni saa 8 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, halafu saa 5 za Jumamosi asubuhi. Jumlisha, utapata 45 kamili. Ndiyo maana Jumamosi adhuhuri taxi-bus za mitaa yetu ya Katuba na Kenya hujaa hivyo.

Hizo 45 zilitoka wapi?

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Kabla yake, wafanyakazi wa Chicago walikuwa wameshagoma kwa ajili ya hizo saa 8 mwaka 1886, na Mei Mosi tunayopumzika inatoka huko. Baada ya hapo kila nchi ikapunguza kwa kadiri yake. Ufaransa wako kwenye 35. Tanzania sheria yao ya mwaka 2004 ina 45 kwa juma na 9 kwa siku, sawa na yetu, kwa hiyo dereva wa Dar es Salaam na mpakiaji wa Ruashi wanaweza kulalamika kwa tarakimu zile zile.

Kuna tofauti gani kati ya saa za kazi na saa za kufungua?

Kubwa, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Saa za kufungua ni za mlango. Saa za kazi ni za mtu.

Chukua duka la vipuri vya magari mjini. Mlangoni wameandika 8h00 – 17h00. Muuzaji anafika 7h30 kufagia, kutoa matairi nje na kuyapanga, kufungua kasha. Jioni 17h00 mlango unafungwa, anabaki ndani hadi 17h45 akihesabu fedha mbele ya patroni. Mteja ameona saa 9. Muuzaji amefanya saa 10 na robo, na hata ukimtolea saa nzima ya chakula bado ana 9 na robo. Mwisho wa mwezi patroni anasoma kibao cha mlangoni na kulipa kwa kibao. Kibao hakikufagia.

Kinyume chake pia kipo. Kuna maduka ya dawa yanayofungua usiku na mchana, na hakuna mtu anayefanya kazi humo saa 24. Wanapokezana. Kwa hiyo ukiona "24h/24" usimhurumie muuzaji kabla hujauliza zamu yake inaisha saa ngapi.

Ofisi imeandika inafunga 16h00. Nimefika 15h50, wamenikatalia. Wana haki?

Wanaweza kusema kwamba wanahitaji dakika kumi za kufunga. Lakini basi waandike kwamba kupokea watu kunaisha 15h45. Kibao kinachosema 16h00 na mlango unaofungwa 15h50 ni vitu viwili vinavyopingana, na mimi namwamini aliyepoteza nauli.

"Njoo saa mbili." Ni saa ngapi hiyo?

Kwetu kuna hesabu mbili zinazotembea bega kwa bega. Ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni 7h00, saa mbili ni 8h00. Ya Kifaransa inafuata tarakimu za ukutani. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa, akiandika Kiswahili haraka haraka kwenye simu, anaweza kutafsiri tarakimu peke yake bila kutafsiri hesabu.

Dereva mmoja wa Tanzania alifika na lori lake kwetu akapewa ujumbe: "Njoo saa mbili tushushe." Yeye ni Mswahili wa kuzaliwa, akaelewa saa mbili asubuhi. Zaidi ya hapo, saa yake ya mkononi bado ilikuwa ya Dar es Salaam, ambako wako mbele yetu kwa saa moja. Kwa hiyo alifika getini kwetu ikiwa 7h00. Kijana wa ofisi aliyeandika ule ujumbe alikuwa anafikiri *deux heures* za mchana, yaani 14h00, ambayo dereva angeiita saa nane. Mzee wa watu alingoja saa saba. Alikunywa munkoyo, akalala chini ya trela, akaamka, akaja dirishani kwangu mara nne. Mara ya nne hakunisalimia.

Tangu siku ile, chochote kinachohusu saa za kazi ninakiandika kwa tarakimu: 8h00, 14h00. Mdomoni sema unavyotaka, ila ongeza asubuhi, mchana au usiku. "Saa mbili ya asubuhi" haimpotezi mtu. Na kama unazungumza na mtu wa ng'ambo ya mpaka, sema "saa za Lubumbashi". Zambia hatuna shida nao, saa zao ni zetu.

Makao makuu yako Kinshasa. Tunafuata saa zao au zetu?

Unafanya kazi kwa saa za mahali ulipo, isipokuwa mkataba wako umeandika vingine. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja: kwetu ikiwa 9h00, kwao ni 8h00. Maana yake ni kwamba asubuhi utapiga simu mara nyingi bila kupokelewa, na jioni, wakati wewe umeshika mkoba, wao bado wana saa nzima ya kukutumia barua pepe yenye neno "haraka". Nimeona watu wanaofunga kazi 16h00 wakibaki hadi 17h00 kila siku ili kuwapokea wa Kinshasa, halafu asubuhi wanafika 8h00 na wengine. Saa hiyo moja, kwa siku tano, ni saa 5 kwa juma. Nenda na hesabu hiyo kwa shefu: ama uanze kazi saa moja baadaye, ama ihesabiwe.

Natoka Ruashi alfajiri, nafika kazini baada ya saa nzima. Njia inahesabiwa?

Hapana. Sheria imesema wazi kwamba muda wa kwenda kazini na kurudi hauingii, isipokuwa kama safari ni sehemu ya kazi yenyewe. Foleni, taxi-bus iliyoharibika, mvua za Januari zilizokata barabara, vyote ni vyako. Inauma lakini ndivyo ilivyo.

Huo "isipokuwa" lakini una uzito wake. Dereva akiondoka depo 5h00 kwenda Kasumbalesa, yuko kazini tangu anawasha injini, na foleni ya malori pale mpakani ni kazi pia, maana hawezi kuliacha lori akaenda kumtembelea shemeji yake. Fundi aliyeripoti ofisini 8h00 kisha akatumwa Likasi, barabara yote ya Likasi ni saa za kazi. Fundi huyo huyo akienda moja kwa moja kutoka nyumbani, hapo ubishi unaanza, na mimi huwashauri waandikiane kabla ya safari.

Basi la kampuni? Kama ni msaada wa usafiri tu, hesabu inaanza ukishafika. Kama umeamriwa kupita kwanza depo kupakia vifaa, imeanza depo.

Umeme umekatika, mashine zimelala, tumekaa uani saa tatu nzima. Shefu anasema hizo hatazilipa.

Rudi kwenye swali la kwanza. Je, mliambiwa "nendeni nyumbani", au mliambiwa "ngojeni, labda utarudi"? Kama mlingojeshwa, mlikuwa mahali pa kazi na tayari kwa mwajiri, na muda huo ni wa kazi. Delestaji, yaani kukatwa umeme, haikuletwa na mpakiaji.

Ninaandika hivi kwenye daftari: saa ya kukatika, saa ya kurudi, na maneno "wafanyakazi wamebaki kwa amri". Maneno hayo manne yameokoa mshahara wa watu mara nyingi kuliko hotuba za sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Shefu mwenye akili akiona umeme hautarudi huwaruhusu watu mapema. Anayewashika uani hadi 17h00 kwa matumaini, analipia matumaini yake.

Muda wa kula unahesabiwa?

Ukiwa huru kutoka, hauhesabiwi. Ndiyo maana mtu anayeingia 8h00 na kutoka 17h00 na saa moja ya kula katikati anasemwa amefanya saa 8.

Ila tuangalie kwa karibu. Pale depo, mama anayetuletea bukari na sombe anafika 12h30 na sufuria zake mbili. Wapakiaji wanakaa chini ya muembe, wananawa, wanaanza kumega. Dakika ya kumi, lori linapiga honi getini. Msimamizi anapiga kelele: "Wanne waje!" Wanne wanainuka na tonge mkononi. Hao wanne hawakupumzika, hata kama ratiba inasema pozi, yaani mapumziko, ni 12h30 hadi 13h30. Ama wapewe saa yao baadaye, ama iandikwe kuwa kazi. Kuhusu mlinzi anayekula akiwa getini na jicho barabarani, sioni hata pa kubishana.

Mama anayenyonyesha?

Ana haki ya vipindi viwili vya nusu saa kila siku kwa ajili ya kunyonyesha, na vinalipwa kama muda wa kazi. Usimkate. Wengine wanaomba kuviunganisha ili watoke saa moja kabla ya wenzao, hasa wanaokaa mbali. Mwajiri akikubali, liandikwe, kwa sababu msimamizi akibadilika mwezi ujao makubaliano ya mdomo huondoka naye.

Saa za ziada zinaanza wapi na zinalipwaje?

Zinaanza baada ya saa 45 za juma. Sita za kwanza zinalipwa kwa nyongeza ya asilimia 30 kila moja. Zinazofuata baada ya hizo sita, nyongeza ya asilimia 60. Zilizofanywa siku ya mapumziko ya juma, ambayo kwa kawaida ni Jumapili, nyongeza ya asilimia 100, yaani mara mbili.

Tuseme saa yako ya kawaida ni franka 2,000, na juma hili umefanya saa 54 kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Zilizozidi ni 9. Sita za kwanza ni franka 2,600 kila moja: 15,600. Tatu zilizobaki ni franka 3,200 kila moja: 9,600. Jumla ya ziada ni franka 25,200, juu ya mshahara wako wa kawaida wa zile 45. Ukiitwa tena Jumapili kwa saa 4, ongeza 4,000 mara nne: 16,000.

Makosa ninayoyaona kila mwezi ni mawili. La kwanza, kulipa saa za ziada kwa bei ya kawaida na kuita "bonasi". La pili, kujumlisha mwezi mzima: juma hili umefanya 52, juma lijalo 38, patroni anasema "wastani ni 45, hakuna ziada". Ziada inapimwa kwa juma.

Na jambo moja kwa wenzangu wafanyakazi: kubaki kazini hadi 18h00 ukichezea simu kwa sababu mvua inanyesha si saa za ziada. Nimeletewa madai ya namna hiyo, na aliyeyaleta alikuwa mkavu wa macho.

Nafanya kwa posti, yaani kwa zamu. Posti ya usiku ni ya siku ipi?

Swali zuri, na watu wa migodini ndio wanaolijua zaidi. Baba yangu alihesabu maisha yake kwa posti: ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Kwetu nyumbani hatukuuliza leo ni Jumanne au Jumatano, tuliuliza baba yuko posti gani, ili tujue kama tunaweza kupiga kelele.

Kwa sheria, kazi ya usiku ni ile inayofanywa kati ya 19h00 na 5h00. Kwa hiyo posti ya 22h00 hadi 6h00 ina saa 7 za usiku na saa 1 isiyo ya usiku, na ile ya 14h00 hadi 22h00 ina saa 3 za usiku ambazo watu huzisahau.

Kuhusu jina la siku, Kiswahili kina mtego wake. Mzee wa zamani akisema "usiku wa Jumapili" anaweza kuwa na maana ya usiku unaotangulia Jumapili, kwa sababu kwa hesabu ya zamani siku inaanza jua likizama. Kijana akisema hivyo hivyo ana maana ya Jumapili jioni. Nimewahi kupata watu wawili kwenye zamu moja na hakuna hata mmoja kwenye nyingine. Siku hizi naandika "Jumamosi 22h00 kuamkia Jumapili 6h00". Ni ndefu, lakini haina mzee wala kijana.

Sentineli anakaa getini saa 12. Si kinyume cha sheria?

Kwa kazi za ulinzi, sheria inaacha nafasi ya taratibu maalumu, kwa hoja kwamba kuwepo na kutumika si kitu kimoja. Mwajiri anayetegemea hoja hiyo aonyeshe maandishi yanayomruhusu. Kusema "masentineli ndivyo walivyo" hakutoshi. Na kama sentineli huyo huyo mchana anaosha magari, anamwagilia maua na kupeleka watoto shule, hoja ya kwamba "anakaa tu" imekufa.

Mimi ni jurnalie, naitwa siku kwa siku. Saa za kazi zinanihusu?

Zinakuhusu kuliko mtu yeyote, kwa sababu daftari ndilo karibu ushahidi wako wote. Sheria inasema hivi: ukishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, ukaitwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, mkataba mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Umetoka kwenye kibarua, umekuwa mfanyakazi.

Mapatroni wanaijua hiyo 22 vizuri sana. Mahali nilipoanzia kazi, mpakiaji akifika siku ya 20 au 21, msimamizi alikuwa ananiambia "huyu apumzike". Mmoja alipumzishwa Ijumaa, Jumatatu akarudi. Nikaambiwa nimwandike kwa jina la mdogo wake. Nikaandika. Nilikuwa na miaka michache kazini na mke mjamzito. Miezi kadhaa baadaye rundo la magunia lilimwangukia mguu, na kwenye daftari aliyeumia hakuwepo. Aliyekuwepo ni mdogo wake, ambaye siku ile alikuwa Kipushi. Sitaki kusema zaidi. Jurnalie, kila jioni soma jina lako kabla ya kusaini.

"Siku za kazi" kwenye barua yangu ya preavis, yaani notisi ya kuvunja mkataba, ni siku zipi?

Siku ambazo si za mapumziko ya juma wala si sikukuu ya kisheria. Ni tofauti na siku za kalenda, ambazo zinahesabu zote.

Tofauti hiyo ina fedha ndani yake. Mwajiri akikuachisha kazi yenye mkataba usio na kikomo, preavis ni angalau siku za kazi 14, na kila mwaka kamili uliotumika unaongeza siku za kazi 7. Mwenye miaka 5 kamili ana 14 na 35, yaani siku za kazi 49. Anayezihesabu kwa kalenda amekula juma zima la mtu. Wewe ukiamua kuondoka, yako ni nusu ya hiyo.

Konje, yaani likizo, vile vile: angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili, siku moja na nusu kama hujafika miaka 18, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Konje ikiangukia Juni 30, Sikukuu ya Uhuru, siku hiyo usiihesabu kwenye zako.

Shefu anatuma ujumbe WhatsApp saa 21h00. Nikijibu, ni saa za kazi?

Ufaransa wana sheria inayoanza kutumika tangu 2017 kuhusu haki ya mfanyakazi kuzima simu ya kazi. Kwetu, tumia kipimo kile kile: umeamriwa kuwa tayari, au umeulizwa jambo la dakika mbili? "Faili iko wapi?" jibu, lala. "Kaa karibu na simu hadi mteja apige" ni kazi, na piga picha ya ujumbe huo kabla hajaufuta.

Mtumishi wa serikali anafuata saa hizi?

Hapana, maafisa wa kudumu wa serikali wana sheria yao, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016. Mwenye mkataba wa kawaida kwenye ofisi ya serikali ni habari nyingine, aangalie mkataba wake.

Nitajuaje saa zangu halisi?

Angalia mkataba, halafu kanuni za kampuni. Kama havikubaliani, uliza kwa maandishi. Ratiba iliyobandikwa karibu na choo na kubadilishwa kila juma kwa kalamu, ipige picha kila juma.

Daftari linasema 16h00, mimi nilitoka 18h30. Nifanye nini?

Anza kuandika lako. Daftari dogo la shule linatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyofanya, na nani alikuwepo. Andika siku ile ile, kwa wino. Orodha iliyoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja, miezi sita ikiwa na mwandiko ule ule, inanuka kutoka mbali, hata mimi ninaijua.

Kwanza nenda kwa mkubwa wako wa kazi, kisha kwa mjumbe wa sendika kama yupo. Mkishindwana, mlango ni wa mkaguzi wa kazi, Inspection du travail. Kumruka haiwezekani: kesi ya mtu mmoja haipokelewi na Tribunal du travail, mahakama ya kazi, kabla ya kupitia kwa mkaguzi kujaribu kupatanishwa. Nenda na daftari lako, mkataba, karatasi za malipo. Na usilaze madai, maana haki ya kudai ina muda wake.

Watu huniuliza kama pwantere, mshika daftari kama mimi, anaweza kutoa ushahidi. Anaweza. Mimi nimeitwa mara moja. Nilikwenda.

Nisaidie kuandika kibao cha duka langu.

Mama mmoja wa Kamalondo anayeuza vitambaa aliniomba hivyo juma lililopita. Alikuwa ameandika "Tunafungua saa mbili mpaka saa kumi na moja, isipokuwa siku ya misa". Tukakaa naye, tukatoka na hiki:

DUKA LIKO WAZI
Jumatatu – Ijumaa: 8h00 – 17h00
Jumamosi: 8h00 – 13h00
Jumapili na sikukuu: tumefunga
Mteja wa mwisho: dakika 15 kabla ya kufunga

Na kwa binti anayemsaidia, karatasi nyingine ndani, nyuma ya mlango, kwa jina lake: anaingia 8h00, anakula 12h30 hadi 13h30, anatoka 17h00, Jumamosi 13h00. Mama aliuliza nani sasa atafagia kabla ya 8h00. Tukarekebisha kibao cha nje: 8h15.